Mama Hajawahi Kunywa: Historia Fupi ya Ini Lenye Mafuta

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kuwekwa ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Ayubu. Niliipata nikitafuta nambari ya mita ya stima. Mamangu alikuwa amepigwa picha ya tumbo katika kliniki moja ya mtaani, na matokeo yalisema ini limeongezeka ukubwa na lina mafuta, daraja la pili. Pembeni, mtu alikuwa ameongeza neno moja kwa kalamu ya buluu: "Pombe?"

Mamangu hajawahi kunywa pombe. Keki ikiwa na harufu ya brandi haigusi. Nilipomuuliza mbona hakutuambia, alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Niwaambie nini? Ati mimi ni mlevi?"

Daktari alikuwa amemuuliza mara tatu. Mara ya tatu alimwomba baba atoke nje kidogo, ndio mama aweze kusema ukweli. Ukweli ulikuwa ule ule. Lakini baba, akiwa amesimama pale kwenye korido, alianza kuwaza mambo yake. Wiki hiyo mama alimkuta jikoni akinusa kikombe chake cha chai.

Kikombe hicho ndicho kilichonifanya nianze kusoma. Nilitaka kujua swali la "unakunywa?" lilitoka wapi, na kwa nini ndilo la kwanza. Kumbe lina historia ndefu, na historia yenyewe inapitia makaburi ya Misri, wodi za Mulago, mate ya pweza na panya wa Korea. Ni historia ya watu werevu waliotafuta kitu mahali kisipokuwa, mara mbili.

*

Tuanzie Misri. Katika makaburi ya Saqqara, yaliyojengwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, kuna michoro ya ukutani ya watumishi wamemkamata bata bukini shingo, wanamsukumia chakula kooni. Bata hajaomba. Analishwa hadi anenepe kupita kiasi, na ndani yake ini linavimba kwa mafuta. Warumi nao walipoupenda utamu huo walitumia tini, na ini la namna hiyo wakaliita ficatum, yaani lililojazwa tini. Jina la chakula likameza jina la kiungo. Ndilo lililozaa fegato ya Kiitaliano, foie ya Kifaransa na hígado ya Kihispania. Leo mtu wa Madrid akienda hospitali kulalamikia ini lake, anataja tini bila kujua.

Kwa hivyo wapishi walijua mapema sana kwamba chakula peke yake, tena kitamu chenye sukari, kinaweza kulijaza ini mafuta. Bata hao hawakunywa mnazi wala chang'aa. Waliochelewa ni madaktari.

Mwaka 1836, Thomas Addison wa London aliandika juu ya mafuta aliyoyaona kwenye maini ya walevi. Alikuwa sahihi. Pombe huharibu ini, na hilo halijabadilika. Ila Ulaya ya karne ile ilikuwa na pombe kali ya kutosha na wahubiri wa kutosha wa kuikemea, basi ushahidi na mahubiri vikavutana upande mmoja. Jibu la kweli kwa wagonjwa wengine likageuka kuwa jibu la kila mgonjwa. Ukiwa na mafuta kwenye ini, wewe unakunywa. Ukikataa, unakunywa na unadanganya.

*

Ushahidi mzito dhidi ya jibu hilo ulikuwa Afrika, na ulikuwa kwa watoto wadogo.

Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa vyakula vya mahindi karibu pekee. Miguu ilifura, ngozi ilibanduka, nywele zilibadilika rangi. Mwaka 1935 akauita kwa jina ambalo wazungumzaji wa lugha ya Ga walikuwa nalo tayari: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto anayesukumwa pembeni mdogo wake anapozaliwa. Wewe pengine ulilikariri hilo jina shule ya msingi, pamoja na mchoro wa mtoto mwenye tumbo kubwa. Kitu ambacho mchoro haukuonyesha ni kilichokuwa ndani. Watoto waliofariki walipopasuliwa, ini lilikuwa kubwa, rangi ya manjano, limejaa mafuta.

Huku kwetu aliyeufuatilia ugonjwa huo kwa miaka mingi ni Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1929 na baadaye kuhamia hospitali ya Mulago, Kampala. Mwanzoni alidhani anatazama pelagra, ugonjwa mwingine wa walao mahindi. Ilimchukua muda kukubali kuwa ni kitu tofauti, na mwaka 1954 yeye na wenzake wawili, Jack Davies na Rex Dean, walitoa kitabu kizima juu ya kwashiorkor.

Maelezo yaliyodumu kuhusu ini la watoto hao ni haya. Ini ni kama bohari la njiani. Hupokea mafuta, huyafunga ndani ya vifurushi vya protini na kuyatuma yanakohitajika. Mtoto asiyepata protini hana vifungashio. Mafuta yanaingia, hayatoki. Kwa hivyo mtoto mwenye njaa na bata aliyeshibishwa kwa nguvu wanaishia na ini la aina moja. Hakuna kati yao aliyewahi kuingia baa.

Trowell mwenyewe hakuishia kwenye njaa. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliripoti kisa cha ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa Mwafrika mmoja. Kisa kimoja! Wakati ule kilikuwa nadra kiasi cha kustahili ukurasa wa jarida la kitabibu. Miaka ilivyosonga alianza kuuliza chakula chetu kina nini ambacho cha Waingereza hakina, na mwaka 1981 yeye na Denis Burkitt, daktari mwingine aliyefanya kazi Uganda, walihariri kitabu kuhusu magonjwa waliyoyaita ya Magharibi. Hoja yao kubwa ilikuwa nyuzinyuzi: unga uliokobolewa ukawa mweupe pe, sukari iliyosafishwa, na mboga zilizopungua sahanini. Mtu mmoja, kazi moja ya maisha, alianza na ini la njaa akamalizia na magonjwa ya shibe. Sisi tumezaliwa katikati ya hizo kurasa mbili. Nyanya zetu waliogopa mtoto afure miguu. Sisi tunaogopa karatasi ndani ya Biblia.

*

Huko Marekani, mwaka 1980, Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic walikusanya visa vya wagonjwa 20. Chini ya hadubini, maini yao yalifanana kabisa na ya walevi: mafuta, uvimbe, makovu. Wengi walikuwa wanawake, na wengi walikuwa wanene. Hawakuwa wanywaji. Ludwig aliandika kwamba huu ni ugonjwa ambao hadi wakati huo haukuwa na jina, na akaupa jina lililoanza kwa kukana: uvimbe wa ini wenye mafuta usiotokana na pombe.

Fikiria wagonjwa hao kabla ya 1980. Wangapi waliambiwa na daktari, na mume, na mchungaji, kwamba wanaficha chupa? Jina la Ludwig liliwaondolea lawama, lakini liliendelea kuitaja pombe ndani yake. Ni kama kumtambulisha jirani kwa wageni ukisema, "Huyu ni Otieno, si mwizi." Kila mtu anaanza kushika mfuko.

Tena jina hilo lilisema ugonjwa hautokani na nini. Halikusema unatokana na nini. Sehemu ya jibu ilikuwa imelala mahali pengine, katika utafiti ambao haukuwa na habari na ini hata kidogo.

*

Miaka ya 1930, katika chuo kikuu cha Pavia, Italia, kijana aitwaye Vittorio Erspamer alikuwa akichunguza seli fulani zilizotawanyika kwenye ukuta wa ndani wa utumbo. Alitoa humo kitu kilichofanya misuli ikaze. Wenzake walimwambia hiyo ni adrenalini tu. Akathibitisha siyo, akaiita enteramini, yaani kemikali ya utumbo. Baadaye akaikuta hata kwenye tezi za mate za pweza, kwa hiyo ukila pweza pale Forodhani au Mama Ngina, mjue mwenzako huyo ana mchango wake katika sayansi.

Ng'ambo ya bahari, Cleveland, Marekani, kundi jingine lilikuwa likitafuta chanzo cha shinikizo la damu. Kila damu ilipoganda, majimaji yake yalibeba kitu kilichobana mishipa na kuwavurugia majaribio. Mwaka 1948 Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page walifaulu kukitenga kutoka kwenye damu ya ng'ombe wa kichinjioni. Wakakiita serotonini. Mwaka 1952 Erspamer na mwenzake walionyesha kwamba enteramini na serotonini ni kitu kimoja. Jina la Cleveland likabaki, jina la utumbo likazikwa.

Kisha akaja Betty Twarog, mwanasayansi kijana aliyekuwa amesomea misuli ya kome wa baharini. Alishuku kwamba serotonini iko pia kwenye ubongo. Page hakuamini, ila alimpa maabara. Mwaka 1953 walichapisha matokeo: ipo kweli.

Tangu hapo ubongo uliiteka hadithi yote. Dawa za huzuni zikatengenezwa, Prozac ikaidhinishwa Marekani mwaka 1987, na serotonini ikawa "homoni ya furaha". Leo utaisikia kwa mwalimu wa yoga, kwa muuza chokoleti, kwa binamu yako anayetoa ushauri wa mapenzi mtandaoni. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa kwenye utumbo, kule kule Erspamer alikoikuta. Tena serotonini hiyo ya utumbo haivuki kuingia ubongoni. Ni mito miwili isiyokutana. Mwaka 2003 watafiti wa Berlin walionyesha kwamba hata vimeng'enya vinavyoitengeneza ni viwili tofauti, kimoja kikifanya kazi zaidi ubongoni na kingine mwilini kwingineko. Hapo ndipo ikawezekana kuuliza swali ambalo halikuwa na namna ya kuulizwa vizuri kabla yake: ukizima mto mmoja na kuuacha mwingine, nini kinatokea?

*

Hapa inabidi nikuonyeshe ramani. Damu inayotoka utumboni hairudi moyoni moja kwa moja. Inakusanywa kwenye mshipa mmoja mnene unaoingia kwenye ini kwanza. Chochote unachokula, na chochote utumbo unachosema kuhusu ulichokula, ini ndilo la kwanza kukisikia. Ni kama nyumba ya ghorofa ambapo kila mgeni lazima apitie kwa bawabu.

Mwaka 2012, watafiti wa New York walionyesha kwamba panya akifunga bila kula, utumbo wake hutoa serotonini zaidi. Ujumbe huo huyaambia mafuta ya akiba yafunguliwe na huliambia ini litengeneze sukari, mwili usizimike. Kwa mnyama wa porini asiyejua atakula lini, ni ujumbe wa kuokoa maisha.

Sasa mpe mnyama huyo huyo chakula chenye mafuta mengi kila siku. Mwaka 2015 makundi mawili, moja la Kanada na moja la Korea Kusini, yaligundua kwamba ukizuia serotonini ya mwilini bila kugusa ya ubongo, panya wanaolishwa hivyo hawanenepi sana. Mwaka 2018, Wakorea wa taasisi ya KAIST wakafuata mshipa ule hadi kwenye ini. Walitengeneza panya ambao utumbo wao hauwezi kuunda serotonini. Wakatengeneza wengine ambao utumbo ni mzima, lakini seli za ini hazina kipokezi kimoja cha serotonini, yaani sikio moja la kusikia ujumbe huo. Wote wakalishwa mafuta. Panya wa kawaida walijaza ini. Hao wengine, aliyefungwa mdomo na aliyezibwa sikio, maini yao yalistahimili. Hata dawa ya kuziba kipokezi hicho ilisaidia.

Maana yake ni kwamba mafuta ya kwenye ini hayatoki tu sahanini yakaenda kujipanga. Kuna mazungumzo. Utumbo unaonja kinachopita, unatoa ujumbe, na ini linaamrishwa kuunda na kuhifadhi mafuta. Hata bakteria wa tumboni wana sauti humo: mwaka 2015 watafiti wa California walionyesha kwamba baadhi yao huchochea utumbo kutengeneza serotonini. Na bakteria hao hubadilika kulingana na unachowalisha. Nyuzinyuzi za Trowell na Burkitt ni chakula chao.

Tuweke breki hapa. Panya si mamangu. Mwaka 2006, watafiti wa Zurich waligundua kwamba serotonini inayobebwa na chembe sahani za damu husaidia ini la panya kuota tena baada ya kukatwa. Kwa hivyo kemikali hiyo hiyo hujaza ini mafuta na hulitibu, kulingana na nani anaisema, lini, na kwa sikio lipi. Atakayekuuzia kidonge cha "kusafisha serotonini ya tumbo" ni tapeli. Na kama unameza dawa za huzuni, hakuna kitu kwenye makala haya kinachokuambia uziache.

*

Nilimsomea mama haya yote jioni moja. Alisikiliza huku akichambua managu. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hivyo tumbo lilikuwa linaniongelea kwa ini?"

Kiswahili kilishalijua hilo kwa njia yake. Maneno makali hukata maini. Mtu ukimchukia amekutumbukia nyongo. Wahenga hawakupima damu ya mshipa wowote, lakini waliweka uchungu mahali pale ambapo daktari alikuja kuuweka kwa kalamu ya buluu.

Tukaketi tukahesabu. Chai ya asubuhi, vijiko vitatu. Soda ya mililita 500 dukani anakofanya kazi, kila siku mchana, kwa miaka kumi na mitatu: takriban gramu 50 za sukari katika kila chupa. Nusu ya sukari ya kawaida ni fruktosi, na fruktosi kwa wingi huo huishia kwenye ini, linaloigeuza mafuta. Chapo na chipo za jioni akichelewa kutoka. Mkate mweupe. Hakuna dhambi yoyote humo. Ni chakula cha mtu anayefanya kazi mpaka usiku, kinachopatikana hatua kumi kutoka stendi ya matatu, kwa bei anayoimudu. Bata wa Saqqara alishikwa shingo. Sisi tunashikwa na bei na saa.

Hayuko peke yake. Inakadiriwa kwamba karibu watu wazima watatu kati ya kila kumi duniani wana mafuta kwenye ini. Mwaka 2023 vyama vya madaktari wa ini vya nchi mbalimbali vilikubaliana kubadilisha jina la ugonjwa, na sababu mojawapo ilikuwa aibu. Neno "pombe" liliondolewa, na hata neno "mafuta", likawekwa jina linalotaja jinsi mwili unavyotumia chakula. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza iliyolengwa kwa ugonjwa huu ukishafika hatua ya makovu. Lakini tiba ya mwanzo ni ile ile isiyouzwa popote: kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito kunaweza kutuliza uvimbe wa ini, na hata kupungua kidogo kuliko hapo kunapunguza mafuta. Ini husamehe, ukiliwahi.

Mama ameacha soda. Anatembea kutoka kanisani hadi nyumbani, na amehamia ugali wa unga usiokobolewa, ambao baba anauita chakula cha jela. Picha ya pili ilionyesha daraja la kwanza. Karatasi hiyo hakuificha. Iko kwenye mlango wa friji, imeshikwa kwa sumaku.

Mwezi uliopita nilimshawishi baba naye apimwe. Tulienda wote watatu, kliniki ile ile, daktari yule yule. Ana mafuta kwenye ini. Daktari akavuta kiti, akashika kalamu, akamuuliza kama anakunywa pombe.

Kabla baba hajafungua mdomo, mama alisimama, akachukua mkoba wake.

"Wacha nitoke nje kidogo," akasema, "ndio aseme ukweli."